Wanafunzi wa uhandisi wakikwama kwenye kinetiki: dalili, chanzo na pa kuanzia

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayefundisha kinetiki ya mimenyuko ya kikemia, yaani elimu ya kasi ya mimenyuko, kwa wahandisi wa kesho. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu tatizo halijitambulishi kwa jina: linakuja kama jibu la ajabu kwenye karatasi ya mtihani, au grafu iliyonyooka kupita kiasi, au mwanafunzi anayekutazama tu ulipobadilisha swali kidogo. Baada ya miaka ya kusahihisha nimefikia mahali pa kuamini kwamba kosa huwa limeshafanyika mstari mmoja au miwili kabla ya pale linapoonekana, na ni mara chache mno kuwa la hisabati. Mwalimu anaona integrali imevurugika, anarudia kufundisha integrali, na wiki inayofuata kosa ni lile lile.

Dalili: "Kasi ni sifuri, kwa sababu hakuna kinachobadilika"

Naanza na hii kwa kuwa ndiyo mama wa nyingine nyingi. Umempa mwanafunzi tangi linalokorogwa, malighafi inaingia na mazao yanatoka bila kusimama, hali imeshatulia. Anaandika kwamba dC/dt = 0, yaani ukolezi C haubadiliki kwa muda t, basi kasi ya mmenyuko ni 0. Anapiga mstari chini ya jibu, ameridhika.

Yeye hana kosa sana. Siku ya kwanza kabisa alifundishwa kwamba kasi ya mmenyuko *ni* mabadiliko ya ukolezi kwa muda. Sentensi hiyo ni kweli katika chombo kimoja tu: riakta ya mkupuo, inayojazwa malighafi yote mara moja, iliyofungwa, yenye ujazo usiobadilika. Alipotoka humo akabeba sentensi nzima pamoja naye.

Kuhakikisha kama chanzo ni hiki, muulize swali ambalo halina mmenyuko wowote: tangi limejaa maji matupu, unafungulia maji ya chumvi yaingie, mengine yanamwagika nje kwa kiasi kile kile. dC/dt ya chumvi ni sifuri? Atasema hapana, inapanda. Sasa muulize kasi ya mmenyuko ni ngapi. Hapo utaona uso unabadilika. Amekuwa na mabadiliko bila mmenyuko, kwa hiyo mmenyuko bila mabadiliko nao unawezekana.

Kisha mpe namba, usimwachie mifano ya maneno peke yake. Tangi la lita 100, mtiririko wa lita 10 kwa dakika, malighafi yenye ukolezi wa moli 1 kwa lita, mmenyuko wa oda ya kwanza (oda ni kipeo cha ukolezi kwenye sheria ya kasi; hapa kasi ni k × ukolezi) wenye kigezo cha kasi k = 0.1 kwa dakika. Mwache ahesabu moli kama mtunza stoo anavyohesabu magunia. Zinaingia moli 10 kila dakika. Ukolezi ndani, na kwenye bomba la kutokea, ni 0.5, kwa hiyo zinatoka moli 5. Tano nyingine ziko wapi? Zimemenyuka: 0.1 × 0.5 × lita 100 = moli 5 kwa dakika, kila dakika, mchana na usiku, huku kipimo cha ukolezi kikiwa kimeganda pale pale kwenye 0.5.

Tiba ya kudumu ni kutenganisha vitu viwili tangu wiki ya kwanza. Kuna *sheria ya kasi*, inayosema mmenyuko unakwenda mbio kiasi gani mahali hapa, kwa ukolezi huu na joto hili. Hiyo haijui kama iko ndani ya tangi au bomba. Halafu kuna *mizania ya moli*: zilizoingia, kutoa zilizotoka, kutoa zilizomenyuka, ni sawa na zilizolimbikizana. Mimi huwataka waandike mizania kwanza kwa maneno, kabla herufi yoyote haijatokea, na hukata alama kwa anayeruka hatua hiyo hata kama jibu lake ni sahihi. Wananung'unika. Lakini anayeanza na mizania hahitaji kukariri fomyula ya tangi, ya bomba na ya mkupuo kana kwamba ni masomo matatu tofauti.

Ukishawavusha hapo, waulize tangi na bomba (riakta ambamo malighafi humenyuka ikiwa inapita) vinatofautianaje kwa ukubwa. Kwa oda ya kwanza, ili asilimia 90 imenyuke, bomba linahitaji kτ ya 2.3, ambapo τ ni ujazo ukigawanywa kwa mtiririko. Tangi moja linahitaji 9. Karibu mara nne! Sababu ni kwamba tangi zima linafanya kazi kwa ukolezi mdogo wa mwisho, wakati bomba linakula kwanza palipo na ukolezi mkubwa. Matangi matatu yaliyofuatana yanashuka mpaka kama 3.5 kwa jumla. Mwanafunzi anayeweza kueleza namba hizi kwa mdomo wake, bila karatasi, amepona.

Dalili: oda inasomwa kwenye mlinganyo

Unaandika 2N₂O₅ → 4NO₂ + O₂ na kabla hujageuka darasa limeshasema "oda ya pili". Vipimo vinasema ni ya kwanza.

Chanzo ni sura ya msawazo, yaani hali ambapo mmenyuko wa mbele na wa nyuma unakwenda kwa kasi sawa, waliyoisoma sekondari. Kule namba za kusawazisha mlinganyo hupanda kweli na kuwa vipeo, na mkono umezoea. Kuwaambia "oda hupatikana kwa majaribio" hakusaidii. Wanaiandika kwenye daftari na mkono unaendelea na mazoea yake. Kinachofanya kazi kwangu ni kuwaandikia mlinganyo ule ule kwa nusu: N₂O₅ → 2NO₂ + ½O₂. Nawauliza, je, molekuli zimepata habari kwamba nimebadilisha namna ya kuandika? Kama oda ingetoka kwenye namba hizo, ningeweza kupunguza kasi ya mmenyuko kwa chaki.

Wakishacheka, wape haidrojeni na bromini. H₂ + Br₂ → 2HBr inaonekana nyepesi kuliko zote, lakini wakemia Bodenstein na Lind walipoipima, na kuchapisha mwaka 1907, walikuta kasi inafuata ukolezi wa bromini kwa kipeo cha nusu, na HBr iliyokwisha kuundwa inaukaba mmenyuko. Mlinganyo wa mstari mmoja umeficha mnyororo mzima wa hatua. Namba za kusawazisha zinakuwa vipeo pale tu unapojua kwamba umeandika hatua moja ya msingi, molekuli zinazogongana hasa.

Tatizo dogo linaloambatana na hili: vikundi viwili vinaleta k zinazopishana mara mbili kamili. Usitafute kosa la kikokotoo. Kundi moja limehesabu kasi ya mmenyuko, lingine kasi ya kupotea kwa kitu chenye namba 2 mbele yake. Yote mawili yanaruhusiwa, mradi mtu aseme amechagua ipi.

Dalili: "R² ni 0.99, kwa hiyo ni oda ya kwanza"

Hapa ndipo ninapotumia kipindi kizima, na sioni hasara.

Mwanafunzi amepima ukolezi kila dakika mbili na nusu. Amepata, kwa moli kwa lita: 0.100, 0.080, 0.067, 0.057, na kwenye dakika ya kumi 0.050. Anaingiza kwenye lahajedwali, anachora logi asilia ya ukolezi dhidi ya muda, anabonyeza mstari wa wastani. R², kipimo cha jinsi nukta zinavyoukaribia mstari (1 ni kamili), = 0.99. Anafunga kompyuta.

Namba hizo nimezitengeneza mwenyewe, na nimezitengeneza kwa oda ya *pili*. Hazina hata chembe ya kelele ya vipimo isipokuwa kukadiria desimali. Bado mstari wa oda ya kwanza umepata 0.99.

Waambie waongeze mstari wao mpaka dakika ya 90. Unatabiri kwamba imebaki kama asilimia 0.2 ya malighafi. Ukweli ni asilimia 10. Mhandisi aliyeahidi usafi wa 99.8 ametoa 90, na mteja yuko mlangoni.

Chanzo cha kwanza ni kwamba jaribio limekatishwa mapema. Mpaka nusu tu ya malighafi imenyuke, mikunjo ya oda ya kwanza na ya pili hufanana kama mapacha. Tofauti inajitokeza baada ya hapo. Waendelee mpaka asilimia 75 au zaidi inapowezekana. Chanzo cha pili ni imani kwa R². Kipimo hicho kinasema namba zinafuata mwelekeo. Hakisemi kwamba mwelekeo huo ni mnyoofu. Wafundishe kutazama mabaki, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Kwa data hii nukta ya kwanza na ya mwisho ziko juu ya mstari, tatu za katikati ziko chini. Mabaki yanayotabasamu hivyo ni alama ya modeli isiyo yake, hata R² ikiwa nzuri namna gani.

Njia ya haraka zaidi ni nusu-maisha, na haihitaji kompyuta. Kutoka 0.100 hadi 0.050 ilichukua dakika 10. Kutoka 0.050 hadi 0.025 ichukue muda gani? Ikiwa ni 10 tena, oda ya kwanza. Data hii inachukua 20. Nusu-maisha inayorefuka maradufu kila ukolezi unaposhuka nusu ni saini ya oda ya pili; ikifupika, unaelekea oda sifuri.

Kuna kisa jirani ambacho huwachanganya hata walio makini. Wamepima kufifia kwa rangi ya zambarau ndani ya sodiamu haidroksaidi, mstari wa oda ya kwanza ni safi kabisa hadi mwisho, wanaandika "mmenyuko ni wa oda ya kwanza". Alkali hiyo ilikuwa nyingi kupita rangi kwa mamia ya mara, ukolezi wake haukutikisika, ukajificha ndani ya k. Hiyo ni oda bandia ya kwanza. Warudie kwa alkali mara mbili: k "isiyobadilika" itaongezeka maradufu mbele ya macho yao.

Dalili: nishati amilishi isiyoaminika

Nishati amilishi ni kizuizi cha nishati ambacho molekuli lazima zikivuke ili zimenyuke. Hapa unaweza kutambua ugonjwa kwa kusoma jibu tu. Chukua mmenyuko ambao k yake inaongezeka maradufu kutoka nyuzi 25 hadi 35 za Selsiasi. Kwa mlinganyo wa Arrhenius wa mwaka 1889, unaounganisha k na joto, jibu sahihi ni kama 53 kJ kwa moli. Majibu mengine utakayoyapata, na yalikotoka:

- 0.5 kJ kwa moli: joto limeingizwa kwa Selsiasi.
- 6.4 "kJ" kwa moli: mteremko wa grafu haukuzidishwa kwa R, kigezo cha gesi, yaani 8.314.
- 23 kJ kwa moli: ametumia logi ya msingi wa 10 na kusahau 2.303.
- 53,000 kJ kwa moli: R iko kwa jouli, mwanafunzi yuko kwa kilojouli.
- −53: alama ya kutoa imepotea njiani.

Nimeibandika orodha hii mlangoni pa maabara na imeniokolea wino mwingi mwekundu. Angalizo moja kuhusu jibu hasi: usilikate kabla ya kutazama mmenyuko wenyewe. Nitriki oksaidi ikimenyuka na oksijeni kutoa NO₂, kasi hupungua kweli joto likipanda. Mmenyuko huo haufanyiki kwa hatua moja, na hatua ya awali ni ya msawazo unaovunjika kadiri joto linavyozidi.

Pia wang'oe kwenye imani kwamba "kila nyuzi 10, kasi maradufu". Kwa 53 kJ kwa moli ni kweli karibu na joto la chumba. Nishati hiyo hiyo, kutoka kelvini 600 hadi 610, inaongeza kasi kwa asilimia 19 tu.

Dalili: mahesabu safi, lakini k ya maabara haifanani na ya vitabu

Kwanza uliza chombo kilikorogwaje. Ukiongeza kasi ya kukoroga na "kasi ya mmenyuko" ikapanda, hujapima mmenyuko; umepima uchanganyaji. Kwa kichocheo cha punje, saga punje ziwe ndogo urudie. Kasi ikipanda kwa kila gramu ile ile ya kichocheo, molekuli zilikuwa zinachelewa kupenya kwenye vitundu. Upenyaji ukibana sana, nishati amilishi inayoonekana hushuka hadi karibu nusu ya ile halisi, na oda n huonekana kama (n+1)/2. Oda ya pili inajifanya 1.5, na mwanafunzi anatunga nadharia nzima kuieleza.

Kwa jaribio maarufu la ethaili asiteti na sodiamu haidroksaidi, linalofuatiliwa kwa upitishaji umeme, mshukiwa wangu wa kwanza ni chupa ya alkali. Imekaa wazi tangu asubuhi, imefyonza hewa ukaa, ukolezi wa kwenye lebo si ukolezi wa ndani. Pima ukolezi wake kwa titresheni siku ile ile. Mshukiwa wa pili ni joto: myeyusho ulitoka kwenye kabati baridi ukamwagwa moja kwa moja, na kipimajoto kilichosomwa ni cha ukutani.

Dalili: riakta ya gesi inatoka ndogo kuliko inavyopaswa

Mwanafunzi ameandika C = C₀(1 − X), ambapo X ni sehemu iliyomenyuka, kama alivyozoea kwenye vimiminika. Ethani ikivunjika kuwa ethilini na haidrojeni, moli moja inakuwa mbili. Kwa shinikizo na joto visivyobadilika gesi inavimba na kujizimua yenyewe. X ikiwa 0.8, ukolezi si 0.2 ya mwanzo, ni 0.2 ÷ 1.8, yaani 0.11. Kwa bomba la oda ya kwanza, kτ inapanda kutoka 1.6 hadi 2.4, yaani bomba linahitaji nusu nzima zaidi ya ile aliyokokotoa. Waanze kila swali la gesi kwa kuhesabu moli za pande zote mbili. Basi.

Dalili: "Mmenyuko unatoa joto jingi, kwa hiyo ni wa haraka"

Thamodainamiki, inayosema mmenyuko unaelekea wapi na kwa nishati gani, na kinetiki zimechanganywa chungu kimoja. Muulize kwa nini almasi haijageuka grafati kidoleni mwa mvaaji. Kisha mpe amonia: msawazo unapenda baridi, kasi inapenda moto, ndiyo maana viwanda hukubaliana na nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, kichocheo cha chuma na shinikizo kubwa. Kichocheo kinakufikisha upesi pale msawazo ulipo. Hakiusogezi hata kidogo.

Dalili: kila swali linafanywa kana kwamba joto halibadiliki

Hii ndiyo dalili isiyoonekana, kwa sababu majibu yote yanatoka sahihi. Maswali yetu wenyewe yanaanza na "kwa joto lisilobadilika", muhula mzima, na mwanafunzi anaondoka akidhani joto ni namba inayotolewa na mtunga swali.

Tarehe 19 Desemba 2007 riakta ya kiwanda cha kemikali cha T2 Laboratories huko Jacksonville, Florida, ililipuka. Watu 4 walikufa na 32 wakajeruhiwa. Ubaridishaji ulishindwa, mmenyuko ukakimbia, na kwenye joto la juu kulikuwa na mmenyuko wa pili wa kutoa joto ambao wenye kiwanda hawakuwa wameutambua. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, CSB, haikuishia kwenye mabomba na vali. Ilipendekeza hatari za mimenyuko ziingizwe kwenye mtaala wa shahada ya uhandisi wa kemikali. Yaani ripoti ya mlipuko iligonga mlango wa darasa letu.

Waonyeshe kwa namba. Nishati amilishi 80 kJ kwa moli, riakta iko kelvini 350, maji ya koti la kupoza linaloizunguka kelvini 330. Joto likapanda hadi 400. Kasi ya kuzalisha joto imepanda mara 31; hata kama nusu ya malighafi imekwisha, bado ni mara 15. Koti je? Tofauti ya joto ilikuwa 20, sasa ni 70, kwa hiyo linatoa mara 3.5. Andika 15 na 3.5 ubaoni ukae kimya kidogo.

Baada ya hapo wape lahajedwali: safu ya muda, ya ukolezi, ya joto, hatua ndogo ndogo, mizania ya moli na mizania ya nishati kila mstari. Haihitaji programu ya bei. Waache wapandishe joto la maji ya koti nyuzi moja moja, wakichora joto la riakta kila mara, na waandike kwenye daftari ni nyuzi ipi ambayo mkunjo uliacha kuinama ukasimama wima.